Anakula au Analishwa?

Mwezi uliopita niligusia kadi ya ulemavu kwa mstari mmoja tu, tena nilikuwa kwenye habari nyingine kabisa, na barua nyingi kama zilizokuja baada ya hapo sijawahi kuziona. Kwa hivo leo ukurasa wote ni huo. Nimechagua nne. Ya kwanza ni ndefu na jibu lake ni refu zaidi, mwenye haraka zake ashuke moja kwa moja mpaka kwa mvuvi.

*

Assalam aleikum dada. Nakuandikia kutoka Faza, kisiwani Pate, Lamu. Nina kijana wangu wa miaka 14 ana mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa, hakai bila kuegemezwa, hasemi ila mi namuelewa. Mwaka jana jirani akaniambia mbona humpeleki akapimwe, upate ile pesa ya serikali ya Inua Jamii elfu mbili kwa mwezi, nikasema haya. Tukatoka na boti ya alfajiri kwenda hospitali mimi na mamangu na kijana, tulipofika maji yalikuwa yamekupwa na ngazi za gati zateleza, baharia mmoja Mungu amlipe akambeba mgongoni mpaka juu, alafu tukamlaza kwenye mkokoteni wa hamali juu ya magunia kwa sababu wilchea hatuna na hata tungekuwa nayo zile njia punda wawili hawapishani. Kufika tukaambiwa wanaopima leo hawajatimia rudini siku nyingine. Tukalala kwa jamaa siku tatu.

Siku ya kupimwa daktari alikuwa mpole tu sina la kumsema. Akauliza, anakula? Mamangu akawahi, "Yuwala vyema, alhamdulillahi." Analala? "Yuwalala." Anakwenda haja? "Alhamdulillahi." Mimi nikanyamaza, nitamkatizaje mamangu mbele ya watu? Na kijana mwenyewe tulimvisha kanzu ya Idi na kofia, akawa yuacheka na kila anayepita. Karatasi ilipotoka nikaambiwa imeandikwa ulemavu wa wastani. Kwenda nayo ofisi ya jamii nikaambiwa pesa hiyo ni ya wenye ulemavu mkali, huyu wako hayumo.

Sai mume wangu asema tuwache, riziki haikuandikwa, na kuna jamaa washaanza kusema namtembeza mtoto kama bakuli la ombaomba. Nifanye nini dada? Na nikirudi si watasema mimi muongo nimebadilisha maneno?

Mlezi, Faza

*

Waaleikum salaam mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nilipofika pale kwenye kanzu ya Idi nilicheka alafu nikawa si wa kucheka tena, manake hapo nimejiona mwenyewe, nitakueleza.

Kwanza tulitoe hilo la uongo. Hakuna aliyedanganya. Mamako kaulizwa kama mjukuu wake anakula na kweli anakula, la sivyo angefikaje miaka 14. Lakini mi nakuuliza wewe: anakula au analishwa? Anaoga au anaogeshwa? Anavaa au anavishwa? Analala au analazwa, akageuzwa, akabadilishwa, akalazwa tena? Lugha yetu imetupa neno lake kwa kila moja, herufi mbili tatu tu zaongezeka, na ndani ya hizo herufi umo wewe saa tisa usiku na mgongo wako unaouma. Daktari akisikia "anakula" anaandika mtoto anayejilisha. Akisikia "analishwa, kijiko kwa kijiko, na asipokalishwa wima anapaliwa" anaandika mtoto mwingine kabisa, na mtoto ni yuleyule.

Ndicho ile tathmini inachokitafuta. Jina la ugonjwa wanalijua, wanataka wajue ni kitu gani mtu anakifanya peke yake bila mkono wa mwenzake. Pesa ya walemavu kwenye Inua Jamii ilianza 2011 kwa wenye ulemavu mkali, na mkali kwao maana yake ni mtu wa kutazamwa muda wote, wa kulishwa, wa kupelekwa haja, wa kukingwa asijiumize, tena atoke nyumba maskini isiyokuwa na mshahara wala pensheni. Kwa ulivoniandikia mimi naona ni yeye hasa. Karatasi yenu ndo haijasema hivo.

Tatizo sisi watu wa pwani tumelelewa kusitiri. Hata nyumba iwe yaungua, ukiulizwa hali utasema salama. Mgonjwa akija kutazamwa anatandikiwa shuka jipya, anapakwa uturi, watu wakiondoka ndo anaanza kuugua kwa sauti. Ni adabu nzuri na siwezi kuisema vibaya, mi mwenyewe ndo nilivolelewa. Lakini chumba kile cha kupimwa si baraza la nyumbani, na yule daktari hakuja kukujulia hali.

Nikupe yangu. Mguu wangu wa kushoto uliharibiwa na polio nikiwa mdogo. Siku ya kwenda kupimwa nikavaa buibui jipya, na magongo nikamuachia mpwa wangu nje ya mlango kwa sababu sikutaka kuingia mbele ya wale madaktari vijana nikionekana kikongwe, nikashika ukuta mpaka kwenye kiti nikakaa nikatabasamu. Nikaulizwa, mama ngazi unapanda? Nikasema napanda. Na napanda kweli. Chumba changu nyumbani kiko juu, nakaa kidato cha kwanza nimeipa ngazi mgongo, najivuta kwa mikono, makalio yanapanda kidato kimoja kimoja, buibui nimelikusanya mapajani lisinase, vidato ni 17 na kwenye cha kumi lazima nipumzike. Hayo sikuyasema. Nilisema napanda. Karatasi ikatoka nyepesi kama nilivojieleza, sikuwa na wa kumlaumu, na nimekaa na hiyo karatasi nyepesi muda mrefu kabla sijapata ujasiri wa kurudi, huku mpwa wangu ananiambia shangazi wewe ulijipiga mwenyewe.

Sasa wewe fanya hivi. Chukua daftari la kawaida la shule uandike siku saba, kila kitu na saa yake, bila kupamba. Mfano: "Jumatatu. Saa tisa usiku nimemgeuza, amelowa, nimembadilisha. Saa moja asubuhi uji, dakika arobaini, amepaliwa mara mbili. Saa nne nimemuogesha na dadake, peke yangu simuwezi tena, ashakuwa mzito." Hivo tu. Usiongeze chumvi, daktari anaijua chumvi hata ukiitia kidogo. Siku ya saba utajishangaa wewe mwenyewe, kwa sababu mambo hayo ushayafanya miaka 14 mpaka huyaoni tena kama ni kazi.

Alafu rudi na karatasi ya zamani na hilo daftari uombe tathmini ifanywe upya. Kurudi si kubadilisha maneno, unaleta yale yaliyobaki. Lakini kabla hujapanda boti piga simu, au mtume jamaa wa hukohuko akakuulizie wanakaa siku gani, kwa sababu anayepima si daktari mmoja ni jopo, na mmoja akikosekana mnarudi na nauli imeliwa. Kijana mvishe nguo zake za kila siku, safi, lakini zile za kila siku. Na uliza mambo ya malipo kaunta, ukilipa chochote utoke na risiti yako.

Kuhusu mamako, usimwache nyumbani kwa hila, atajua na itamuuma. Kaa naye jioni moja umsomee lile daftari. Mwambie mama, kesho tukiulizwa anakula tuseme analishwa, kwani ni uongo? Hatasema ni uongo, yeye mwenyewe amemlisha huyo. Ukiona hata hivo ulimi wake utakwenda kwenye alhamdulillahi, basi mbele ya daktari anza wewe, sema "mamangu anashukuru Mungu na mi nashukuru, sasa nikueleze tunavomtunza."

Kuna jambo lingine nimeona umelichanganya, na si wewe tu. Kadi ni kitu kimoja na pesa ni kitu kingine. Kadi inatoka kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na siku hizi kujiandikisha kunapitia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, unataka ile ripoti ya hospitali, picha, na kwa mtoto cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho cha mzazi. Ukifunguliwa akaunti saiba hakikisha namba ya simu na imeili ni zako si za yule kijana wa saiba, manake siku akifunga duka na akaunti yako imefungwa nayo. Pesa nayo ni ya idara ya ulinzi wa jamii, njia yake ni chifu na afisa wa maendeleo ya jamii, na majina huingizwa serikali inapofungua kuandikisha, si kila siku. Kwa hivo hata ukiwa na karatasi sahihi utaambiwa ngoja, nakwambia sasa usije ukaniandikia umevunjika moyo. Kila ukienda uliza kama kuna kuandikisha kunakuja na jina la mtoto liko wapi. Yeye hana kitambulisho kwa hivo utaandikwa wewe mlezi wake, na pesa utapokea wewe. Na ni elfu mbili, mara nyingine inakuja ya miezi miwili kwa pamoja tena kwa kuchelewa, ukitoa pampasi na unga imekwisha. Lakini ni elfu mbili yake.

Ukikataliwa tena, omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha katiba kinakupa haki hiyo, mtu akiathirika na uamuzi wa ofisi ya serikali aelezwe kwa nini na kwa karatasi. Usiseme kwa ukali, sema tu "naomba uniandikie hilo ulilonambia." Nimeona mtu anaambiwa haiwezekani mara tatu, akaomba iandikwe, mara ikawezekana. Usiniulize kwa nini.

Hilo la riziki mwambie mume wako hivi, riziki nyingine huandikwa kwa kalamu ya daktari, na kalamu ile yaandika inachoambiwa. Na wanaosema bakuli la ombaomba waulize kama kuna aliyekuja usiku mmoja tu kumgeuza mtoto. Katiba ya 2010 kwenye kifungu cha 43 imesema serikali itawapa msaada wasioweza kujikimu, imeandikwa pale pamoja na maji na shule, na anayepeleka mtoto wake shule ya serikali haitwi ombaomba.

*

Dadangu, mi ni mvuvi hapa Malindi, nilikatwa mguu chini ya goti kwa ajili ya sukari, mwaka wa tatu sasa. Kadi ya ulemavu ninayo, naiweka kwa waleti kama leseni, lakini sijaona hata shilingi. Nikiangalia simu ni meseji za mikopo tu. Nina miaka 58. Kwani jina langu limeliwa?

Nahodha wa zamani, Malindi

*

Kaka, jina lako halijaliwa, hakuna aliyekueleza tu. Kama nilivomwambia dada wa Faza, kadi haileti pesa. Inasema serikali inakujua, basi. Na ile elfu mbili ni ya yule asiyeweza kufanya lolote bila mtu, wewe kwa mguu mmoja bado unajitegemea, sidhani kama watakupa na sitakudanganya ukaacha kutafuta njia nyingine huku unangoja simu ilie.

Kinachofunguliwa na kadi ni vitu vingine. Kuna mfuko wa taifa wa maendeleo ya watu wenye ulemavu, uko chini ya Baraza hilohilo, unatoa vifaa kama magongo na wilchea na miguu ya bandia, unasaidia karo za wanafunzi wenye ulemavu, na unatoa ruzuku kwa vikundi. Kwa hivo mguu wa bandia ndo wa kuuombea, fomu ukachukue kwa afisa wa Baraza wa kaunti. Ruzuku nayo mtu mmoja hapewi, lazima kikundi kilichosajiliwa, chenye akaunti ya benki na mihutasari ya mikutano. Pale ufukweni huwezi kukosa wenzako. Mtu aliyevua miaka yote hiyo anajua kushona nyavu hata gizani, na hiyo ni kazi ya kukaa. Kikundi cha wenye kadi kinaweza pia kuomba zabuni za serikali kwenye ile asilimia 30 iliyotengewa vijana, wanawake na walemavu, ingawa hapo sharti mjue makaratasi, na malipo ya serikali yana mwendo wake wa kobe, msikope mkitegemea hayo.

Ukifika miaka 70 kuna pesa ya wazee, tangu 2018 imefunguliwa kwa kila aliyefika umri huo asiyekuwa na pensheni, nayo ni elfu mbili vilevile. Bado uko mbali nayo.

Na mguu uliobaki uutazame kila usiku, nyayo na katikati ya vidole, ukishindwa kuinama tumia kioo. Hujaniuliza, lakini sukari haina adabu.

*

Mi ni mwalimu, nina ualbino, nafundisha hapa Malindi. Mwenzangu wa stafurumu ameniambia eti silipi kodi nikiwa na kadi. Mbona payslip yangu inakatwa kila mwezi?

*

Mwalimu, ni kweli nusu. Mapato ya mtu mwenye ulemavu hayakatwi kodi mpaka shilingi 150,000 kwa mwezi, kinachozidi hapo ndo kinakatwa. Lakini haiji yenyewe. Unaomba kupitia Baraza kisha KRA, watu wa kodi, na kadi yako, kitambulisho, namba ya PIN, payslip na barua ya mwajiri inayoeleza ulemavu wako, mpaka utoke na cheti cha msamaha umpelekee anayelipa mshahara. Mpaka siku hiyo anakukata na hana kosa. Cheti kina mwisho wake, weka alarm miezi kadhaa kabla, kuna watu wamesahau wakashtukia mshahara umepungua wakadhani wameibiwa. Kinachosamehewa ni kodi ya mapato tu, SHA ya bima ya afya na NSSF ya akiba ya uzeeni watakukata kama kawaida.

Na kama hujui, Baraza lina mpango wa kugawa mafuta ya kukinga jua kwa wenye ualbino, uliza yanachukuliwa hospitali gani. Jua la Malindi unalijua kuliko mimi, peredi ya michezo waachie wengine.

*

Shangazi, kuna kijana alipita mtaani kwetu na jaketi la kiofisi, akasema tutume 1,500 kwa namba yake aingize jina la nyanya kwa sistimu ya walemavu. Mamangu ametuma. Sasa ametaka 1,000 nyingine ya kuamsha faili. Tutume?

*

Mwanangu, msitume. Faili halilali usingizi. Kujiandikisha kwa Baraza ni bure, na kuingia Inua Jamii hakuna ada ya mtu yeyote awe chifu awe mzee wa mtaa awe huyo wa jaketi. Ile 1,500 nafikiri imekwenda. Lakini nyanya mwenyewe kama kweli anahitaji, mpelekeni akapimwe kwa njia ya wazi, msimuache nyuma kwa ajili ya huyo mwizi, na mama mwambie hakuna wa kumcheka, amelipa kwa sababu anampenda mamake.

Meseji ya Mpesa iwekeni, na zile za kuamsha faili pia, mpeleke kwa chifu na polisi siku moja. Na msimpigie kumtukana, najua ulimi unawasha, akijua mmemshtukia atatupa laini leo leo.